Daftari la zahanati likifunguliwa: Takwimu za afya zinavyoweza kuokoa maisha Kwale

SAA nane za usiku, mama mja mzito anashikwa na uchungu katika kijiji kimoja cha bara ya Lunga Lunga, mbali na barabara kuu iendayo Likoni. Mkunga wa jadi anaona dalili asizozipenda, naye anashauri mama apelekwe hospitali. Mume anatoka mbio kutafuta pikipiki. Kabla hajaipata, maswali matatu yamekwisha kuzuka. Zahanati ya karibu ina mhudumu usiku huu? Ikiwa hana, ni kituo kipi kinachoweza kumfanyia mama upasuaji na kumwongeza damu? Na kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, kwa njia iliyonyeshewa na mvua, ni mwendo wa saa ngapi?

Maswali hayo si mageni kwa Serikali. Majina ya vituo vya afya, mahali vilipo, huduma vinazotoa, idadi ya kina mama waliojifungua humo mwezi uliopita na idadi ya waliopewa rufaa, yote hayo huandikwa na kuhifadhiwa. Kasoro ni kwamba majibu hayamfikii anayeyahitaji, wala hayamfikii kijana mwenye tarakilishi ambaye angeweza kuyageuza kuwa ujumbe mfupi wa simu.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika sekta ya afya, daftari lipo. Kinachopotea ni faida yake, kwa sababu limefungwa.

Ni suala hili la kulifungua daftari linalojulikana kama takwimu huria. Nchini Kenya limezungumzwa tangu mwaka 2011, na Kaunti ya Kwale ni mahali pazuri pa kupima faida yake na mipaka yake.

Maana ya takwimu huria

Si kila takwimu iliyotangazwa hadharani ni huria. Waziri anaweza kusoma tarakimu mbele ya wanahabari, nazo zikabaki maneno yaliyopita. Ripoti inaweza kuchapishwa kwa kurasa mia mbili, lakini jedwali lililomo likawa kama picha tu, asiweze mtu kulijumlisha wala kulilinganisha na jingine pasipo kulinakili upya kwa mkono.

Takwimu huitwa huria zinapotimiza masharti manne. Kwanza, mtu yeyote aweze kuzipata bila malipo na bila kuomba ruhusa ya afisa. Pili, ziwe katika muundo ambao tarakilishi inaweza kuusoma na kuuhesabu. Tatu, anayezipata awe na idhini ya kuzitumia apendavyo, hata kwa biashara. Nne, zitolewe kwa wakati na kwa undani wa kutosha, kwa sababu wastani wa nchi nzima haumwambii mkazi wa Kinango lolote kuhusu Kinango.

Mfano wa karibu na wakazi wa pwani ni jedwali la maji kupwa na maji kujaa. Jedwali hilo hutayarishwa mapema na kuchapishwa. Mvuvi wa Gazi hulitumia kujua saa ya kutoka, mwenye hoteli wa Diani hulitumia kuwashauri wageni wake, na nahodha wa mashua ya watalii waendao Kisite hulitumia kupanga safari. Hakuna hata mmoja wao anayemwuliza mtayarishaji afanye nini nalo. Naye mtayarishaji hakuhitaji kubashiri matumizi yote hayo ili alichapishe.

Hiyo ndiyo hoja kuu ya watetezi wa takwimu huria za afya. Serikali hukusanya habari kwa kazi zake yenyewe, lakini thamani ya habari hizo ni kubwa kuliko kazi hizo. Marekani ilipoanza kufungua takwimu zake za afya mwaka 2010, waanzilishi wa mpango huo walitoa mfano wa takwimu za hali ya hewa: Serikali hupima mvua na upepo, na kampuni na vyombo vya habari hugeuza vipimo hivyo kuwa huduma zinazotumiwa na kila mtu.

Uingereza ilitoa ushahidi wa fedha taslimu. Baada ya idara ya afya ya nchi hiyo kufungua takwimu za dawa zinazoandikwa na madaktari, kikundi cha watafiti na wataalamu wa tarakilishi, akiwemo daktari na mwandishi Ben Goldacre, kilizichambua. Mwishoni mwa mwaka 2012 kilionyesha kuwa takriban pauni milioni 200 kwa mwaka zingeweza kuokolewa iwapo madaktari wangeandika aina za bei nafuu za dawa za kupunguza mafuta katika damu, badala ya zile ghali zenye kazi sawa. Takwimu hizo zilikuwa zimekusanywa miaka mingi kwa ajili ya kuwalipa wauza dawa. 

Kenya yafungua mlango

Mnamo Julai 8, 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua Mpango wa Takwimu Huria wa Kenya katika Jumba la Mikutano la KICC, Nairobi. Msukumo mkubwa ulitoka kwa Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuwa na tovuti ya aina hiyo, yenye takwimu za sensa ya mwaka 2009, matumizi ya fedha za umma, shule na vituo vya afya.

Katiba iliyopitishwa mwaka mmoja kabla ilikuwa imekwisha kuandaa njia. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa watumishi wa umma waliolelewa chini ya Sheria ya Siri Rasmi, ambao walizoea kuona kila faili kuwa siri hadi mkubwa aseme vinginevyo, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Wizara kadhaa zilisita kutoa takwimu zake.

Hata hivyo, matunda ya kwanza hayakukawia. Katika miaka iliyofuata, gazeti la The Star kwa ushirikiano na wataalamu wa Code for Africa lilianzisha huduma iliyomwezesha msomaji kuangalia kama daktari anayemtibu amesajiliwa. Sajili ya madaktari haikuwa siri. Lakini kabla ya hapo, mgonjwa wa Ukunda aliyemshuku daktari wake hakuwa na njia nyepesi ya kuisoma akiwa ameketi kwenye foleni.

Mwaka huohuo wa 2011, Wizara ya Afya ilianza kutumia nchi nzima mfumo wa kuhifadhi takwimu za afya katika intaneti, uliojengwa juu ya programu huria ya DHIS2 yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Pia iliundwa orodha kuu ya vituo vyote vya afya, ambamo kila kituo, kiwe cha Serikali, cha dini au cha mtu binafsi, hupewa nambari yake ya pekee. Nambari hiyo si jambo dogo. Kabla yake, kituo kimoja kiliweza kuonekana kwa majina mawili katika orodha mbili, na zahanati iliyofungwa zamani ikaendelea kuhesabiwa kama ipo.

Safari ya tarakimu

Ili kuelewa takwimu hizo zinatoka wapi, yafaa kuifuata tarakimu moja tangu inapozaliwa.

Mama anapojifungua katika zahanati, muuguzi huandika habari zake katika daftari kubwa la uzazi. Mwisho wa mwezi, muuguzi huyohuyo hupitia kurasa akihesabu: waliojifungua salama, waliofanyiwa upasuaji, watoto waliozaliwa wakiwa na uzani mdogo, waliofariki. Jumla hujazwa katika fomu ya muhtasari. Kufikia tarehe tano ya mwezi unaofuata, fomu inatakiwa iwe imefika kwa afisa wa kumbukumbu za afya wa kaunti ndogo, naye hutakiwa kuwa ameiingiza katika mfumo kufikia tarehe kumi na tano. Kutoka hapo, afisa aliyeko Kwale mjini au Nairobi anaweza kuiona papo hapo.

Kwa hiyo, kila tarakimu ni jasho la mtu, na mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuhudumia wagonjwa mchana kutwa. Daftari likikosa ukurasa, hesabu hukosa ukweli. Muuguzi akiwa peke yake, chanjo huja kwanza na fomu hungoja. Madaktari walipogoma kwa siku mia moja kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma kwa takriban miezi mitano mwaka 2017, takwimu za hospitali za umma nazo zilishuka. Mtafiti asiyejua habari ya migomo hiyo angeweza kudhani kwamba maradhi yalikuwa yamepungua.

Kinachomvunja moyo mhudumu ni kuona tarakimu zake zikienda juu zisirudi. Ndiyo maana wataalamu wengi husisitiza kwamba kufungua takwimu si fadhila kwa wageni tu. Ni njia ya kumrudishia muuguzi wa Kikoneni au Ndavaya sura ya kazi yake mwenyewe, akiilinganisha na ya jirani zake.

Kwale, shamba la utafiti

Kwale ina eneo la takriban kilomita 8,270 za mraba, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 866,820, kutoka 649,931 mwaka 2009. Sura yake ni mbili. Ukanda wa pwani, kuanzia Tiwi, Diani na Ukunda hadi Msambweni, una barabara ya lami, hoteli na msongamano wa watu. Bara yake, kuanzia Kinango hadi mipaka ya Taita Taveta na Tanzania, ni nchi kavu yenye vijiji vilivyotawanyika. Wastani wa kaunti nzima huzificha sura zote mbili.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kwale ni mojawapo ya sehemu zilizohesabiwa na kuchunguzwa kwa kina zaidi kiafya katika Afrika Mashariki. Taasisi ya Utafiti wa Tiba nchini, KEMRI, pamoja na vyuo vikuu vya Kenya, Marekani, Japani na Uingereza, imefanya kazi huko kwa miongo kadhaa. Mifano mitatu inatosha kuonyesha namna hesabu inavyoweza kubadilisha tiba.

Wa kwanza ni wa kichocho katika kijiji cha Milalani, karibu na Msambweni. Watafiti walizichora nyumba za kijiji kwenye ramani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walionyesha kwamba watoto wenye maambukizi mazito hawakutawanyika ovyo kijijini. Walikusanyika karibu na kidimbwi kilichokuwa na konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo. Orodha ya majina peke yake isingalionyesha hilo. Iliposhonwa na ramani, ilionyesha mahali pa kuanzia kazi.

Wa pili ni wa minyoo ya safura. Kuanzia mwaka 2012, Serikali ilikuwa ikiwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni. Swali likazuka: je, watu wazima wanaobaki nyumbani hawairudishi minyoo ileile katika udongo? Utafiti ulioitwa TUMIKIA, kifupi cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, ulifanywa Kwale kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 kwa kutumia vitengo 120 vya afya ya jamii. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Walikopewa dawa wanafunzi pekee, kiwango cha maambukizi kilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Walikopewa dawa watu wote mara moja kwa mwaka, kilishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Walikopewa watu wote mara mbili kwa mwaka, kilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Tarakimu hizo hazihitaji mfasiri. Mzazi yeyote wa Kinango akiwekewa mbele yake ataelewa kwa nini mhudumu wa afya anabisha hodi akitaka baba na mama nao wameze kidonge.

Wa tatu ni wa homa ya dengi na chikungunya, maradhi yaenezwayo na mbu wanaouma mchana. Utafiti uliofanywa Ukunda uliwakuta viluwiluwi vya mbu hao katika magurudumu yaliyotupwa, mapipa na ndoo za maji karibu na makazi ya watu. Mwaka 2021, wanasayansi walichapisha kazi iliyolinganisha joto, mvua, idadi ya mbu na idadi ya wagonjwa katika maeneo manne ya Kenya, mawili kati yake yakiwa Ukunda na Msambweni, na maeneo manne ya Ecuador katika Amerika Kusini. Nia ilikuwa kuona kama hali ya hewa inaweza kutumiwa kubashiri mlipuko. Kwa mji unaotegemea watalii na vibarua wa hoteli, onyo la wiki chache tu lina thamani kubwa.

Ramani inayoonyesha umbali

Mfano mkubwa zaidi wa kile kinachoweza kufanywa kwa orodha za Serikali ulianzia si mbali na Kwale. Watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao makao yake yako Kilifi, walianza miaka ya 2000 kukusanya orodha za vituo vya afya vya Kenya na kukiweka kila kituo mahali pake kwenye ramani. Kazi hiyo ilipanuka ikavuka mipaka ya nchi.

Mwaka 2018, watafiti wa mpango huo na wenzao walichapisha hesabu ya hospitali za umma katika nchi na visiwa 48 vya Afrika kusini mwa Sahara. Waligundua kwamba asilimia 29 ya watu waliishi mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka hospitali iliyo karibu nao. Mwaka uliofuata walitoa hadharani orodha ya vituo vya afya vya umma 98,745 katika nchi na visiwa 50. Yeyote anayetaka kuitumia anaweza kuichukua.

Somo lililomo ni la kiufundi lakini lina uzito. Mipango mingi ya afya hupima umbali kwa kilomita, na lengo la Kenya limekuwa kila mwananchi awe na kituo ndani ya kilomita tano. Lakini kilomita tano za lami kati ya Ukunda na Diani si sawa na kilomita tano za njia inayokatwa na mto uliofurika. Anayepima kwa saa huona mambo ambayo anayepima kwa kilomita hayaoni.

Kwa Kwale, saa hizo zimekuwa zikiamuliwa pia na maji ya Likoni. Mgonjwa aliyehitaji huduma za Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, alilazimika kupita feri. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika kufikia mwaka 2024, imefungua njia ya nchi kavu. Ramani ya saa za safari iliyochorwa kabla ya hapo si sahihi tena. Takwimu huria zisizohuishwa huwa kama kalenda ya mwaka jana: imechapishwa vizuri, ila haifai.

Milango iliyobaki nusu wazi

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa jaribio la Kenya. Tovuti iliyozinduliwa kwa shangwe mwaka 2011 ilipungukiwa na takwimu mpya baada ya miaka michache. Wizara nyingi hazikuwa na afisa aliyepewa wajibu wa kuilisha. Vijana waliobuni huduma juu yake walijikuta wamejenga nyumba juu ya mchanga.

Mfumo wa takwimu za afya nao umejengwa kwa ajili ya watumishi. Wakati orodha kuu ya vituo imekuwa ikisomwa na umma, anayetaka hesabu za kila mwezi huhitaji jina la kuingilia na nenosiri. Mwanafunzi wa tarakilishi katika bewa la Kwale la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au kijana anayekutana na wenzake katika kituo cha ubunifu cha Swahilipot kule kisiwani, hana nafasi sawa na shirika la kigeni lenye ofisi Nairobi.

Tatizo jingine ni la mpaka. Wadigo wa Vanga na Lunga Lunga wana jamaa ng'ambo ya Horohoro, na mpaka hauzuii mbu wala mgonjwa. Kenya na Tanzania hutumia programu ileile ya DHIS2, lakini kila nchi huhesabu kivyake.

Sheria haikosekani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma kutangaza habari muhimu zenyewe bila kungoja kuombwa, na mtu aliyenyimwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Aidha, huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013, hivyo zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni jukumu la Serikali ya Kaunti. Kwale haihitaji kungoja Nairobi ili kutangaza ni zahanati zipi zina umeme, maji, mkunga wa usiku au gari la wagonjwa.

Hesabu si jina

Kuna hofu moja ambayo haifai kupuuzwa. Mgonjwa anapompa muuguzi siri yake, humwamini. Takwimu huria hazimaanishi kuianika siri hiyo.

Kenya ilipata somo lake mwaka 2015, wakati agizo la Rais lilipowataka maafisa kukusanya habari za wanafunzi wanaoishi na virusi vya ukimwi. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Ujumbe ulikuwa bayana: kujua idadi ya watoto wanaohitaji dawa katika kaunti ni jambo moja, na kuwa na orodha ya majina yao ni jambo jingine kabisa.

Hata hesabu bila majina yaweza kufichua. Ikitangazwa kwamba kijiji chenye nyumba arobaini kina mgonjwa mmoja wa kifua kikuu, jirani hahitaji kuambiwa ni nani. Kwa hiyo, wataalamu huziunganisha hesabu ndogo au kuzificha kabla ya kuzitoa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeweka taratibu nyingine juu yake. Tahadhari hiyo imezidi kuwa ya lazima tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii walipoanza kupewa simu za kuandikia habari za kila nyumba wanayoitembelea.

Lakini faragha imetumiwa pia kama kisingizio. Saa za kufunguliwa kwa zahanati hazina faragha. Idadi ya wauguzi waliopangiwa kituo, siku ambazo dawa za malaria ziliisha na kiasi cha fedha kilichotengewa ukarabati wa wadi ya uzazi si siri za mgonjwa yeyote. Hizo ni habari za mali ya umma.

Kinachowezekana

Wanaotaka ubunifu uote Kwale hawahitaji kuanza na mambo makubwa. Orodha moja ya vituo vya kaunti, inayohuishwa kila mwezi, ikionyesha mahali, saa za kazi, huduma za uzazi na nambari ya simu ya zamu, ingetosha kuanzisha mengi. Mwenye pikipiki angejua ampeleke mgonjwa wapi. Kijana wa tarakilishi angetengeneza huduma ya ujumbe mfupi inayotumika hata katika simu isiyo na intaneti. Mwanahabari angeuliza kwa nini kituo kimoja hakina mkunga mwaka wa pili mfululizo. Na mwananchi anayehudhuria baraza la bajeti angekwenda na hesabu mkononi badala ya malalamiko pekee.

Wala huduma hizo zisiachwe zitegemee wafadhili. Programu nyingi za simu zilizobuniwa nchini kwa ajili ya afya zimekufa fedha za majaribio zilipokwisha. Zilizodumu ni zile zilizotatua tatizo ambalo mtu fulani, iwe ni kaunti, hospitali au mwananchi, yuko tayari kuligharamia.

Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia aliyeomba habari. Ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ofisi hupewa saa 48. Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku katika bara ya Lunga Lunga hana saa 48. Jibu lake sharti liwe limekwisha kutolewa kabla hajauliza.